Peni Moja kwa Kila Juma: Maisha ya Mchungaji Thomas Chalmers

 

Wengi wenu mmekwisha kusikia habari za mwinjilisti wetu mmoja wa vijiji vya ndani. Alitumika miaka sita bila mshahara. Mgao wa chakula ulipopunguzwa, alianza kwenda vibarua siku za juma, baadaye na Jumamosi. Halafu ikafika Jumapili moja washirika walikaa chini ya turubai wakimngoja mpaka saa sita mchana, naye yuko katika shamba la mwenyeji analima, kwa sababu mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wako waliomlaumu. Sisi tulinyamaza, na tunapenda kuwaambia sababu ya kunyamaza kwetu. Jumapili ile ile, kanisani kwetu hapa karibu na barabara, walifika wageni, na sadaka waliyoitoa ingetosha kuilisha familia ya mwinjilisti huyo mwezi mzima. Tuliiweka katika sanduku letu, tukaimba, tukaenda nyumbani.

Ndiyo maana safari hii tumeona vema kuwaletea maisha ya mtumishi wa zamani aliyeshughulika sana na jambo hili. Tulimsoma chuo cha Biblia, lakini tulimsoma mbiombio, kama jina la kukumbuka siku ya mtihani. Sasa tumekuwa wakimbizi, tumemrudia tena, tukaona kwamba habari zake zinatuhusu.

UTOTO NA MASOMO

Thomas Chalmers alizaliwa tarehe 17 Machi 1780 katika mji mdogo wa Anstruther, pwani ya mashariki ya Uskoti, nchi iliyo kaskazini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara, na katika nyumba hiyo walizaliwa watoto kumi na wanne. Thomas alikuwa wa sita. Akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja tu alipelekwa chuo kikuu cha St Andrews, kama ilivyokuwa desturi ya nyakati zile kuwapeleka vijana mapema. Huko alipenda hesabu kuliko kitu kingine chochote. Hesabu hiyo ishikeni vizuri, kwa maana Mungu alikuja kuitumia miaka hamsini baadaye.

Mwaka wa 1799, akiwa na miaka kumi na tisa, alipewa kibali cha kuhubiri. Mwaka wa 1803 akawa mchungaji wa Kilmany, usharika mdogo wa wakulima, si mbali na St Andrews. Lakini tusifiche ukweli: kijana huyu alikuwa mchungaji kwa jina. Moyo wake ulikuwa chuoni. Alifundisha hesabu mjini katikati ya juma, na Jumamosi alirudi usharikani kuhubiri kesho yake. Mwaka wa 1805 aliandika kijitabu cha kujitetea, akidai kwamba mchungaji akishatimiza wajibu wa usharika wake, anabaki na siku tano za juma za kufanya elimu anayoipenda.

Kanisa la Uskoti wakati ule lilikuwa kanisa la taifa. Mchungaji wake hakuwa na wasiwasi wa kula. Sheria iliwalazimisha wenye ardhi kumlipa mshahara wake kutokana na mazao ya nchi, kumjengea nyumba, na kumpa kipande cha shamba. Kwa hiyo Chalmers alikula, akalala, akafundisha hesabu, na kondoo wake wakabaki bila mchungaji. Tunaandika haya kwa sababu wako wanaosema kwamba mtumishi akilipwa vizuri atafanya kazi vizuri. Si kweli daima. Tumbo lililoshiba peke yake halileti wito.

MUNGU AMSHIKA

Katika miaka hiyo kifo kilipiga hodi nyumbani kwao. Kaka yake alifariki, kisha dada yake. Mwaka wa 1809 yeye mwenyewe akaugua sana, akakaa miezi mingi bila kuweza kusimama mimbarani. Kitandani alipima maisha yake, akaona kwamba amehesabu kila kitu isipokuwa siku zake mwenyewe. Kitabu cha William Wilberforce, yule mbunge wa Uingereza aliyepigana na biashara ya watumwa, kilimsaidia kuona kwamba mtu hahesabiwi haki kwa juhudi zake. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine. Alianza kuwatembelea washirika nyumba kwa nyumba na kuhubiri kwa machozi. Mwaka wa 1812 alimwoa Grace Pratt, na Mungu akawapa mabinti sita.

Kuhusu kile kijitabu cha 1805, kilikuja kumrudia. Miaka ishirini baadaye, katika Mkutano Mkuu wa kanisa wa 1825, Chalmers alisimama kupinga wachungaji kushika kazi mbili kwa pamoja. Mpinzani wake akakitoa kijitabu hicho na kukisoma mbele ya wote ili kumwaibisha. Chalmers hakutafuta udhuru. Alikubali mbele ya mkutano kwamba ni yeye aliyekiandika, na kwamba wakati ule alikuwa kipofu, amejishughulisha na vipimo vya dunia na kuusahau umilele. Wanaosimulia habari zake wanasema kwamba siku ile alipata heshima kubwa kuliko kama angeshinda mabishano.

Ni huko huko Kilmany ndipo ilipoota mbegu ya jambo tunalotaka kulisema. Alianzisha chama cha kueneza Biblia, na mchango wa mwanachama ulikuwa peni moja kwa juma. Peni ilikuwa sarafu ndogo. Zilihitajika peni 240 kufanya pauni moja. Wengine walisema ni dhambi kuwachangisha maskini. Chalmers alijibu kwa kuandika kwamba maskini anayetoa peni yake anainuliwa, kwa maana anaacha kuwa mpokeaji tu na kuwa mtoaji pamoja na matajiri. Wapendwa, sisi ambao tumepanga foleni na kadi mkononi miaka hii yote tunalielewa neno hilo kuliko wengi.

KATIKA JIJI LA GLASGOW

Mwaka wa 1815 aliitwa Glasgow, jiji la viwanda lililojaa watu waliotoka vijijini kutafuta kazi. Mahubiri yake yalijaza kanisa mpaka watu wakasimama nje. Lakini yeye hakuridhika na umati. Mwaka wa 1819 alihamia usharika mpya wa St John's, wenye watu kama 10,000, wengi wao maskini. Aliugawanya katika mitaa 25, na kila mtaa akaupa shemasi wake wa kuzijua familia kwa majina: nani mgonjwa, nani mjane, nani amekosa kazi. Sadaka zilizokusanywa milangoni mwa kanisa ndizo zilizotumika kuwasaidia wenye shida. Gharama ya kuwasaidia maskini wa eneo lile, iliyokuwa karibu pauni 1,400 kwa mwaka, ilishuka mpaka kama pauni 280.

Hapa pia tuwe wa kweli. Chalmers aliamini mno kwamba kanisa na majirani wanatosha, akapinga msaada wa serikali kwa maskini. Wengi walimkosoa kwamba kupungua kwa gharama si lazima kuwe kupungua kwa njaa, na mpango wenyewe ulikufa mwaka wa 1837, miaka kadhaa baada ya yeye kuondoka. Sisi tunaojua maana ya mgao kukatwa hatuwezi kumshangilia katika hilo. Lakini jambo moja alilithibitisha: shemasi anayejua familia sitini au mia kwa majina ana nguvu kuliko mhubiri anayehutubia elfu moja asiowajua.

Mwaka wa 1823 alirudi St Andrews kuwa profesa, na mwaka wa 1828 akaenda Edinburgh kufundisha theolojia. Wanafunzi wake wengi walikwenda mbali. Mmoja wao, Alexander Duff, alikuwa mmisionari mashuhuri huko India. Tangu 1834 Chalmers aliongoza kazi ya kujenga makanisa mapya, na katika miaka saba hivi yakajengwa zaidi ya 200 kwa michango ya watu.

SIKU WALIYOTOKA

Sasa tunafika mahali penyewe. Katika Uskoti mwenye ardhi mkubwa alikuwa na haki kwa sheria kumteua mchungaji wa usharika, hata kama washirika hawamtaki. Mwaka wa 1834 Mkutano Mkuu uliamua kwamba wakuu wa familia katika usharika wakimkataa mtu, asiwekwe. Kesi zikapelekwa mahakamani, na mahakama za dola zikasema kwamba kanisa halina mamlaka ya kuamua hivyo. Ubishi ulidumu karibu miaka kumi. Serikali ilipokataa kulegeza, wachungaji wengi waliona limebaki jambo moja tu, nalo ni kutoka.

Lakini kutoka kwenda wapi, na kula nini? Anayeacha kanisa la taifa aliacha mshahara, nyumba na shamba siku hiyo hiyo. Wengi walikuwa na wake na watoto, na wengine walikuwa wazee. Wakubwa wa serikali walidhani kwamba wachungaji watapiga kelele, lakini siku ikifika watakaotoka ni wachache tu, kwa sababu tumbo halina ujasiri.

Novemba 1842 wachungaji mia kadhaa walikutana Edinburgh kuomba na kushauriana. Hapo Chalmers, mzee wa miaka sitini na mbili, aliitoa ile hesabu yake ya ujana. Aliwaeleza kwamba Mungu anaweza kuwalisha watumishi wake kwa sarafu ndogo za watu wengi, zikikusanywa kila juma bila kuruka. Hebu nasi tuihesabu pamoja. Nyumba moja ikitoa peni moja kwa juma, kwa mwaka ni peni 52. Nyumba 462 zinafikisha pauni 100, ambazo wakati ule zingeitunza familia ya mchungaji kwa maisha ya kawaida. Hakuna tajiri ndani ya hesabu hiyo. Ni watu wengi tu, na uaminifu.

Wengi waliona ni ndoto. Hata hivyo, kabla ya siku ya kutoka kufika, mamia ya vyama vya kukusanya vilikuwa vimeundwa nchi nzima. Mafungu yalikuwa yamekwisha gawanywa kwa wakusanyaji, wengi wao wakiwa wanawake, na kila mmoja alikuwa na nyumba zake na daftari lake.

Tarehe 18 Mei 1843 Mkutano Mkuu ulikusanyika katika kanisa la St Andrew mjini Edinburgh. Mwenyekiti, David Welsh, alisoma tamko la kupinga, akaliweka mezani, akainama, akatoka nje. Chalmers akamfuata. Nyuma yao safu ikafuata safu. Walitembea kwa miguu wakiteremka mpaka ukumbi wa Tanfield, watu wamejaa pande mbili za barabara, wengine wakilia, wengine wakishangilia. Huko walimchagua Chalmers kuwa mwenyekiti wa kwanza wa Kanisa Huru la Uskoti. Kati ya wachungaji wapatao 1,200, waliotia sahihi kuacha vyote walikuwa 474. Mapato waliyoyaacha yalizidi pauni 100,000 kwa mwaka. Mamia ya walimu wa shule waliowafuata walipoteza kazi zao vilevile, na Chalmers mwenyewe aliacha uprofesa wake.

Wapendwa, sisi tunajua kufunga mzigo kwa haraka. Tunajua kuufunga mlango wa nyumba uliyoijenga mwenyewe bila kujua atakayelala humo kesho. Wao hawakukimbia risasi, na hatutaki kulinganisha mambo yasiyolingana. Lakini mama mchungaji anayewatoa watoto nje ya nyumba ya usharika, akatazama miti aliyoipanda, na hajui wapi watalala: mama huyo tunamfahamu.

MFUKO MMOJA KWA WOTE

Mfuko ulioanzishwa ulikuwa wa kuwatunza wachungaji wote. Kanuni yake ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Fedha za kila usharika hazikubaki usharikani. Zilipelekwa kwenye mfuko mmoja mkuu, kisha zikagawanywa sawasawa. Mchungaji wa kanisa la mjini lenye wafanyabiashara na mchungaji wa kisiwa cha wavuvi walipokea fungu lile lile. Usharika tajiri ukipenda, baada ya kupeleka sehemu yake, uliweza kumwongezea mchungaji wake. Lakini kwanza mfuko wa wote.

Katika mwaka wa kwanza michango ya Kanisa Huru kwa kazi zote, yaani wachungaji, majengo, shule na umisheni, ilizidi pauni 300,000. Mpaka mwaka wa 1847 kanisa hilo lilikuwa na majengo zaidi ya 700 ya ibada. Fungu la kila mchungaji halikuwa kubwa. Lengo lilikuwa pauni 150 kwa mwaka, na zilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya kulifikia. Lakini mfuko haukukatika.

Mateso yalikuwako. Baadhi ya wenye ardhi walikataa kuwauzia hata kiwanja cha kanisa. Huko Strontian, magharibi mwa nchi, watu walinyimwa ardhi, wakachanga fedha za kuunda kanisa la chuma linaloelea, na mwaka wa 1846 likatiwa nanga katika ghuba ya bahari karibu na pwani. Wakawa wanakwenda ibadani kwa mitumbwi. Katika Tongue, kaskazini kabisa, mchungaji mzee na mwanawe aliyekuwa msaidizi wake walihama nyumba nzuri wakaishi katika kijumba kidogo, familia zao zikiwa mbali. Wote wawili walifariki mwaka wa 1845. Habari kama hizo zilimchoma mchungaji mmoja wa Edinburgh, Thomas Guthrie, akazunguka nchi nzima kuanzia mwaka huo huo kuchangisha fedha za nyumba za wachungaji. Katika mwaka mmoja aliahidiwa zaidi ya pauni 116,000. Aliona kwamba mfuko wa chakula hautoshi kama mtumishi analala penye umande.

MAMBO YALIYOMUUMIZA

Msidhani kila kitu kilikwenda kwa nyimbo. Haukupita muda Chalmers akaona ugonjwa ndani ya mfuko. Shirika nyingine, zikijua kwamba mchungaji wao atapata fungu lake hata wasipojitahidi, zililegea. Zilitoa chini ya uwezo wao na kupokea zaidi ya zilizotoa. Hazikuwa zote maskini kweli. Nyingine zilikuwa zimezoea tu. Jambo hili lilimhuzunisha sana. Alipendekeza kwamba usharika mpya upewe kile ulichokitoa wenyewe pamoja na nusu ya kiasi hicho kutoka mfukoni: ukitoa 40, upate 60. Kwa njia hiyo anayejitahidi anasaidiwa, na anayelala anaamshwa. Kanuni hiyo ilianza kutumika mwaka wa 1844 kwa shirika mpya, na mwaka wa 1845 aliandika kitabu kuyaeleza mambo hayo ya fedha. Wako waliomwona mkali kwa usharika ulio dhaifu kweli, na ubishi huo uliendelea hata baada yake. Mpaka leo hakuna mfuko wa kanisa usiokutana na swali hili: namna ya kumbeba mnyonge bila kumfundisha uvivu mwenye nguvu.

Kuna na doa ambalo hatuwezi kulipita. Mwaka wa 1844 wajumbe wa Kanisa Huru walikwenda Marekani kuomba msaada, na kati ya fedha walizoletewa, kama pauni 3,000 zilitoka majimbo ya kusini, kwa makanisa yenye watu waliomiliki watumwa. Mwaka wa 1846 Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwenyewe, alizunguka Uskoti akidai fedha hizo zirudishwe. Watu wengi walimuunga mkono. Chalmers aliuchukia utumwa na alikuwa ameandika kuupinga, lakini hakukubali kwamba ushirika na makanisa yale uvunjwe. Fedha hazikurudishwa. Sisi ambao babu zetu wa Maniema walipelekwa pwani katika misafara ya watumwa tunasema kwa upole lakini wazi: hapo alikosea. Mtumishi mwenye njaa hana haki ya kula cho chote kinacholetwa. Sadaka ina historia yake, na kanisa lina wajibu wa kuuliza.

MIAKA YA MWISHO

Akiwa mzee, Chalmers angeweza kupumzika. Badala yake, mwaka wa 1844 aliingia West Port, mtaa duni kuliko yote ya Edinburgh, akaanzisha shule na ibada kati ya watu ambao kanisa lilikuwa limewasahau. Humo pia aliwaomba wazazi walipe ada ndogo ya shule, kwa imani ile ile ya peni. Februari 1847 kanisa lao lilifunguliwa, na alisema kwamba hiyo ndiyo furaha kubwa ya uzee wake.

Mwaka ule viazi vilikuwa vimeoza mashambani katika milima na visiwa vya Uskoti, njaa ikaingia. Kanisa Huru, ambalo lenyewe lilikuwa na umri wa miaka mitatu minne na wachungaji wake wakiishi kwa peni, lilikuwa kati ya wa kwanza kupeleka chakula kwa wenye njaa, bila kuuliza mtu ni wa kanisa gani.

Mei 1847 alisafiri London kutoa ushuhuda mbele ya kamati ya bunge kuhusu wale waliokataliwa viwanja vya ibada. Alirudi nyumbani amechoka. Jumapili jioni tarehe 30 aliagana na watu wa nyumbani kwake, akaenda kulala. Asubuhi alikuwa na kazi ya kusoma taarifa mbele ya Mkutano Mkuu. Walipokwenda kumwamsha walimkuta ameketi nusu kitandani, ametulia, amekwisha kwenda kwa Bwana. Alikuwa na miaka sitini na saba. Alizikwa katika makaburi ya Grange, na mji wote ukafunga kazi kumsindikiza.

Mfuko wake ulimzidi umri. Kanisa hilo hilo, mwaka wa 1875, lilipeleka wamisionari kwenye ziwa la Nyasa kuanzisha misheni ya Livingstonia, katika nchi ambayo leo ni Malawi, ambako wakimbizi wenzetu wengi wanaishi. Kwa hiyo peni ya mama mvuvi wa Uskoti ilifika Afrika kabla babu zetu hawajajua kusoma.

TUNAJIFUNZA NINI?

Kwanza, kutunzwa kwa watumishi si huruma, ni wajibu. Someni 1 Wakorintho 9 na 1 Timotheo 5. Tumezoea kumpa mchungaji kama tunavyompa mgonjwa, siku tunapomwona amekonda.

Pili, kitolewacho kila juma kinashinda kikubwa kinachokuja mara moja. Wageni wanakuja na kuondoka. Mashirika yanafungua ofisi na kuzifunga. Kopo moja la mahindi kutoka kila nyumba, kila juma, halingoji mtu kutoka mbali.

Tatu, mfuko uwe mmoja. Kanisa la barabarani na kanisa la ndani ni mwili mmoja. 2 Wakorintho 8 inaeleza habari ya usawa huo. Neno hili tunajiambia sisi wenyewe kabla ya kuwaambia ninyi, maana sisi ndio tulio karibu na barabara.

Nne, daftari lisomwe hadharani. Chalmers alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu ndiyo iliyowafanya watu wamwamini.

Wazee wa kanisa na mashemasi wa vijiji vyote watakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao kuzungumza juu ya mfuko wa watumishi. Sisi tutakwenda na pendekezo moja: kila nyumba itoe sarafu moja au kopo moja la mahindi kwa juma; wamama wawili katika kila kijiji washike daftari; na sadaka zote za wageni ziingie humo kwanza, zikiwamo za kanisa letu. Tumekwisha kuzungumza na washirika wetu. Wengine hawakufurahi, nasi hatukuwaficha kwamba nyumba yetu ya mchungaji ndiyo itakayopungukiwa kwanza. Tumezungumza na mama mchungaji pia. Alituuliza tumechelewa kwa sababu gani.

Yule mwinjilisti bado yuko hapa makazini. Tulikwenda kumtembelea juma lililopita, tukamkuta anapalilia mihogo ya mtu. Alituomba radhi kwa ile Jumapili. Tulimwambia kwamba sisi ndio wa kuomba radhi, tukachukua jembe la pili, tukamalizia mstari pamoja naye.

Bwana awabariki, awape mkono wa kutoa na moyo wa kugawana. Amina.